Shanga puani, bahari bado mbali

Ramani ya kwenye simu ilisema saa mbili mpaka baharini. Saa mbili za nani sasa? Nyuma ya gari tulikuwa na watoto watatu, wa kwanza miaka 7, wa kati miaka 4, na kitinda mimba wa mwaka na nusu ambaye ukitaka kumfunga mkanda wa kiti chake anajikunja mgongo kama upinde mpaka jasho likutoke. Baba watoto ameshawasha gari, mabegi yako kwenye buti, mimi nimeshafunga mlango, ndo tunaona wa kati ana kiatu kimoja tu mguuni, cha pili hakijulikani kilipo na vingine hataki, anataka hivyo hivyo vya bluu. Kikatafutwa chini ya kitanda, bafuni, nyuma ya mlango, kumbe mdogo wake alikitia kwenye ndoo ya midoli. Mpaka tunatoka jua lilishapanda. Mimi roho yangu ilikuwa nyeupe tu, maana hiyo siku nilikuwa naisubiri kwa hamu, wiki nzima kila mtu anarudi kachoka, watoto nawakuta wameshalala au ndo wanasinzia, kwa hiyo Jumamosi ya kuwa nao wote sehemu moja kuanzia asubuhi mpaka usiku kwangu haina bei.

Hatujafika popote, nikasikia wa kati anasema "Mama, mkojo." Na sio kwamba hakukojoa nyumbani, alikojoa, nilimpeleka mwenyewe. Watu wengi wanawagombeza sana watoto kwenye hili na huwa linaniuma, kwa sababu kibofu cha mtoto ni kidogo kweli kweli. Kuna hesabu wanatumia madaktari wa watoto, unachukua umri wa mtoto, unaongeza 1, unazidisha mara 30, unayopata ndo mililita ambazo kibofu chake kinabeba kwa makadirio. Kwa hiyo wa miaka 4 anabeba kama mililita 150, hazijazi hata glasi. Sasa mtoto kanywa maji asubuhi, yuko safarini, kafurahi, unategemea nini? Baba watoto akatafuta sehemu nzuri mbali na magari yanayopita, akasimamisha, tukashuka. Wakati namfungua mkanda bangili yake ya shanga ikanasa, uzi ukakatika, shanga zikamwagika siti nzima. Tukaokota tulizoziona, nyingine zikazama kwenye mianya ya siti huko, akalia kidogo, nikamwambia usijali mama tutazitunga tena nyumbani, akakojoa, tukaendelea na safari. Kumbe moja kabaki nayo kwenye kiganja.

Baada ya hapo barabara ikaanza kushuka kwa kona kona. Wa kwanza alikuwa anachora kwenye daftari lake, anaongea bila kupumzika, mara kimya. Mzazi yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto anaijua hiyo kimya. Nikageuka nikaona midomo imepauka, anameza mate anameza tena, nikapiga kelele simamisha gari huku natafuta mfuko, mfuko ukawahi nusu, nusu nyingine ikaenda kwenye suruali na kwenye mchoro wa meli. Masikini, kilichomliza sio kutapika, ni ile meli. Tukamshusha, tukamsafisha na tishu zenye unyevu, tukambadilisha nguo, akakaa kwenye kivuli na baba yake, upepo ukampiga usoni, rangi ikarudi.

Mdogo wake wa mwaka na nusu pamoja na kona zote hizo alikuwa anapiga makofi tu. Na kwa kweli ndivyo ilivyo, watoto chini ya miaka 2 ni nadra sana kusumbuliwa na gari, shida inaanza kuanzia hapo na inakuwa nyingi mpaka kwenye miaka 12 hivi ndo inapungua. Kinachotokea ni kwamba sikio la ndani ndo linapima mwendo wa mwili, linauambia ubongo tunakwenda, tunapinda, tunashuka, wakati huo macho yameganda kwenye daftari yanasema tumetulia tuli, ubongo haujui umsikilize nani na tumbo ndo linaumia. Ndo maana dawa ya kwanza ni kumfanya mtoto aangalie nje, mbali mbele huko, sio kitabu wala simu, na dirisha lifunguliwe kidogo hewa iingie. Tukabadilisha mchezo basi, tukaanza kuhesabu magari meupe, atakayeona lori jekundu anachagua wimbo. Kona zilizobaki zote zikaisha bila mtu kutapika tena, na nyimbo tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Sasa tuko kwenye nyimbo hizo, wa kati kasema kitu kwa sauti ya kawaida kabisa, yaani kama anakuambia saa ngapi.

"Mama, pua yangu imekula shanga."

Nikadhani ni hadithi zake. Nikamwambia nione, akainua kichwa, nikawasha tochi ya simu, aisee, ile shanga iko pale, ya njano, upande wa kulia, imekaa juu kiasi kwamba unaona kamduara tu kanang'aa. Baba watoto akasimamisha gari tena. Moyo unanienda mbio lakini uso nimeutuliza, maana mtoto anasoma uso wako, ukishtuka na yeye anashtuka, akishtuka atalia, akilia anavuta pumzi ndefu kwa pua na shanga inazidi kupanda. Nikampigia dada yangu, yeye ni nesi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu, mbona sauti iko hivyo?"

Nikamweleza haraka haraka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Una uhakika ni shanga? Sio betri?" Maana vile vibetri vidogo vya duara vya kwenye saa na midoli vikiingia puani hakuna cha kusubiri wala kujaribu chochote, ni moja kwa moja hospitali, vinaunguza nyama ya ndani ya pua na vinaweza kutoboa ule ukuta wa kati ndani ya masaa machache tu. Nikamwambia ni shanga, naiona. Akauliza anapumua vizuri, damu inatoka? Anapumua, damu hakuna, hata halii.

"Haya, usiingize kidole, usiingize kibano, wala pamba, utaisukuma ndani. Mwambie unataka kumpa busu kubwa. Mpakate. Ziba tundu la pua ambalo halina kitu, la kushoto, zibe kwa kidole. Mdomo wako uuweke juu ya mdomo wake, aachame, uhakikishe hewa haivuji pembeni. Puliza taratibu kwanza, utasikia pumzi imegota, hapo hapo puliza kwa nguvu kidogo, mara moja, kifupi."

Nikamwambia mwanangu njoo mama akupe busu kubwa kuliko zote. Akacheka. Nikampakata pale pale kwenye siti ya mbele, mlango wazi, nikaziba tundu la kushoto, nikafanya kama nilivyoambiwa. Mara ya kwanza nilipopuliza haikutoka, ila nikaangalia na tochi nikaona imeshuka, sasa iko karibu na mlango wa pua. Nikarudia. Fyuu! Ikaruka pamoja na kamasi ikanigonga shavuni ikadondokea kwenye kapeti ya gari. Niliishika mkononi, shanga ndogo ya njano yenye tundu katikati, imeloa, nikahisi miguu haina nguvu kabisa. Yeye kakaa ananiangalia, kasema "Tena!" Kaka yake huko nyuma anapiga kelele na yeye anataka kuona.

Hii njia nataka kila mwenye mtoto mdogo aijue, ndo maana nimeieleza kirefu hivi. Dada ananiambia ni njia inayofahamika kabisa kwa madaktari, wanaiita busu la mama, iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, anaitwa Vladimir Ctibor, na mapitio ya tafiti yaliyotoka 2012 yalikuta inafanikiwa kwa karibu watoto 60 katika kila 100. Na hata isipofanikiwa mara nyingi inakisogeza kile kitu mbele daktari akitoe kwa urahisi, bila kumshikilia mtoto kwa nguvu. Baba pia anaweza, mlezi pia. Lakini mtoto akiwa anapumua kwa shida, au kitu chenyewe ni betri au sumaku, au umejaribu mara kadhaa kimegoma, peleka hospitali. Na baadae ukiona tundu moja tu la pua linatoa uchafu wenye harufu mbaya, ujue kuna kitu kimebaki humo.

Shanga zilizobaki zote baba watoto alizifunga kwenye mfuko akaziweka mfukoni kwake. Tukaenda.

Bahari tuliiona watu wote tukiwa kimya, kuanzia pale unapotokea juu ya mteremko bluu inafunguka yote mbele yako. Kitinda mimba hajawahi kuiona. Tukamshusha miguu ikagusa mchanga akaikunja yote miwili juu, hataki, kaning'inia mkononi mwangu. Baada ya dakika chache kakaa chini mwenyewe, kachota mchanga kwa kiganja kautia mdomoni, kautema, kachota tena. Wa kwanza alipata kaa wadogo wale wanaotembea upande upande, akaacha kila kitu akawa anawafuata mpaka kwenye mashimo yao, kalala kifudifudi anachungulia, hata kula hataki.

Mimi na baba watoto kwenye maji tuna utaratibu wetu na hatuna utani nao. Mmoja anakuwa zamu, na akiwa zamu simu haishiki, hapigi stori, macho yako kwa watoto na yuko karibu kiasi cha mkono kumfikia mtoto, akichoka anasema kwa mdomo "sasa ni zamu yako" na mwenzake anajibu ndo anatoka. Watu wanadhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono, hapana, mara nyingi anakwenda kimya, mdomo ukiwa ndani ya maji hana pumzi ya kuitia. Na yale maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea, sio jaketi la uokoaji. Siku hiyo hiyo wimbi dogo tu, maji yapo chini ya magoti, lilimpiga wa kati miguu ikateleza akakaa chini na wimbi la pili likampita usoni. Hakutoa sauti. Nilikuwa pembeni yake nikamnyanyua kwa mkono, kakohoa, kanishika shingo kwa nguvu, alafu baada ya muda kaomba kurudi. Tulirudi wote wawili, tumeshikana mikono, tukawa tunaruka kila wimbi likija.

Jioni tunarudi kwenye gari, liliachwa juani. Kivuli tulichoegesha asubuhi kilishahama. Ukifungua mlango joto linakusukuma, maana ndani ya gari lililofungwa kwenye jua joto linaweza kupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto mdogo unapata moto mara 3 mpaka 5 haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo hata nusu dakika ya nakuja sasa hivi mimi mtoto simuachi ndani. Tukafungua milango yote minne. Niligusa chuma cha mkanda wa kiti cha mdogo nikautoa mkono haraka, kilikuwa cha moto vile kwamba paja la mtoto lingebabuka. Nikakiloweka na taulo lenye maji, nikagusa tena, nikagusa na nyuma ya kiganja, kimepoa, ndo nikamuweka. Mchanga ulikuwa kila mahali, kwenye masikio, kwenye pampasi, sijui uliingiaje kwenye daftari lililofungwa.

Njia ya kurudi walilala wote kabla hata ya kona. Nikawa nageuka kuwaangalia kila mara, vichwa vimelala upande mmoja, wa kwanza kashika ganda la konokono la baharini ambalo tulihakikisha halina mwenyewe ndani. Wa kati tulimuamsha njiani akakojoa akiwa nusu usingizini. Nyumbani tukawabeba mmoja mmoja, kuoga kukaahirishwa, miguu tu ndo ilioshwa.

Asubuhi yake bibi yao kapiga simu, wakanyang'anyana kuongea. Wa kwanza kamsimulia kaa, mashimo yao, jinsi wanavyotoa macho kwanza kabla ya kutoka. Wa kati kasimulia pua na busu, kasimulia kwa furaha mpaka bibi kashtuka ikabidi nichukue simu nieleze vizuri, "mama usiwe na wasiwasi, ilitoka, mzima kabisa." Kitinda mimba yeye kapiga kelele tu kwenye simu na kubusu kioo. Bibi kasikiliza yote alafu kasema wikendi nyingine na yeye anakuja, anataka kukaa hapo hapo nyuma na wajukuu zake. Gari letu limeshajaa, kwa hiyo baba watoto anatafuta la siti saba la kuazima, na wa kati ameshaweka sharti kwamba siti ya dirishani karibu na bibi ni yake.