Nilivyopata majibu ya kweli Marangu: nani ana sauti shambani?

Dodoso nililopanda nalo Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, lilitokana na WEAI, kipimo cha uwezeshaji wa wanawake katika kilimo kilichozinduliwa mwaka 2012. Kinaangalia mambo matano: uzalishaji, rasilimali, mapato, uongozi na muda. Anayefikisha asilimia 80 ya alama anahesabiwa kuwa amewezeshwa. Kwenye karatasi kinapendeza. Kihambani, yaani kwenye shamba la familia la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, ukimuuliza mama nani anaamua matumizi ya fedha, unajibiwa "baba" hata hujamaliza swali.

Vibali havikunisumbua. Kilichonisumbua ni hilo jibu.

Mama mmoja alikuwa anakatakata mgomba kwa panga, chakula cha ng'ombe. Ndiyo kwanza ameniambia, "Hapa maamuzi yote ni ya baba, mwanangu," mchuuzi wa ndizi akapiga hodi. Mama akaweka panga chini, akaubinyabinya mkungu, akataja bei, akaikataa ya mchuuzi, wakavutana mpaka wakaelewana. Noti akazifunga kwenye pindo la kanga. Baba alikuwa nyuma ya nyumba tu, na hakuitwa.

Tangu hapo nikaacha kuuliza nani anaamua. Nikawa nauliza mauzo ya mwisho, zao kwa zao: ulimuuzia nani, hela ilishikwa na nani, ilinunua nini, nani aliambiwa baadaye. Kwenye kahawa, mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha kuuza mazao, mara nyingi ni baba na malipo yanatoka kwa jina lake, hata kama waliochuma na kumenya ni mama na watoto. Kwenye ndizi na maziwa mambo yaligeuka: humo ndimo zilimotoka hela za madaftari, chumvi, hisa za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa.

Mume na mke tuliwahoji kwa wakati mmoja, kila mtu kwake: mwenzangu wa kiume barazani na baba, mimi jikoni. Ukiwahoji kwa zamu, wa pili anakuja na majibu ya wa kwanza. Kipengele cha muda, cha kueleza saa 24 za jana, kina mama walikimaliza bila kusita. Mzee mmoja alifika saa tisa alasiri akakwama, kisha akasema, "Andika nilikuwa kikaoni." Kikao chenyewe, kwa harufu, kilikuwa cha mbege, pombe ya ndizi.

Ardhi ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haitambuliwi. Kihamba lakini, kimila, ni cha watoto wa kiume. Kwa hiyo sikuuliza nani mwenye ardhi. Niliuliza: ukitaka kung'oa mibuni upande parachichi, utamwomba nani ruhusa? Wengi walisema mume. Mjane mmoja akasema shemeji yake, anayeishi Dar.

Dodoso halikuwa na kisanduku cha shemeji. Nilikichora kwa kalamu, na kwenye nakala zilizofuata nikakichapa kabisa.