Tepu nyekundu kwenye waya wa kijani

Jumapili usiku, nimeoga, nimekula, usingizi hauji, basi acha niandike.

Jana asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja wa Isevya, mteja wangu wa siku nyingi, akasema fundi naomba upite, koki ya bafuni inatutekenya. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia bawaba ya mlango inalia. Nikamuuliza inatekenya vipi mama, akasema mjukuu wake akioga maji ya moto akishika koki analia, mwanzoni walidhani anadeka maana ana miaka sita na kuoga hapendi, mpaka juzi bibi mwenyewe kashika na mkono una sabuni akasikia kitu kinapanda hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia mama shusha mein swichi sasa hivi, kabla hujakata simu, nakuja.

Oktoba ya Tabora mnaijua, ardhi imekauka mpaka imepasuka, maembe bado mabichi, saa tatu tu jua limeshakaa kichwani. Nikamchukua dogo ninayemfundisha kazi tukapanda boda na ngazi yetu begani.

Tulipofika nikarudisha umeme, nikasema mtu asiingie bafuni. Nikaweka tesita kwenye koki, kimya. Nikawasha swichi ya hita, dogo akafungulia maji kwa mti mkavu wa ufagio, tesita ikawaka. Nikachukua mita, mguu mmoja kwenye koki mwingine kwenye kile kichujio cha chuma cha sakafuni, volti themanini na kitu. Dogo akaniuliza swali zuri, akasema bomba si la plastiki, umeme umepita wapi? Nikamwambia umepita kwenye maji. Hizi hita za shawa nyingi tunazofunga huku, ile koili haijafunikwa na kitu, imezama kwenye maji yenyewe na maji yanapita juu yake yakipata moto. Kwa hiyo kuna umeme kidogo muda wote unataka kufuata maji, na waya wa kijani wa ethi umewekwa pale kuudaka na kuupeleka ardhini kabla haujamfikia anayeoga. Koili ikishaliwa, na maji ya kisima chao yana chumvi, uvujaji unakuwa mkubwa zaidi.

Nikapanda ngazi nikafungua kiboksi cha juu ya mlango. Nyaya tatu zinatoka kwenye hita, mbili zimeungwa, ule wa kijani umekunjwa mara mbili na kufungwa tepu nyekundu.

Ile tepu naijua. Mwaka 2017 nilikosa tepu nyeusi dukani nikachukua boksi zima la nyekundu, nikafungia kila kitu mwaka ule. Na mwisho wake umekunjwa kona, kale kasikio kadogo ka kuvutia ukitaka kuifungua tena, hivyo ndivyo ninavyofunga mimi mpaka leo. Nilikaa juu ya ngazi nimeshika kale kakona kwa vidole viwili, dogo chini ananiuliza fundi vipi, umeona tatizo? Sikumjibu.

Nikakumbuka yote. Bafu lile liliongezwa baadaye, mzee wa nyumba akiwa hai bado, bomba la nyaya lililokuwa ukutani lilikuwa na nyaya mbili tu za 2.5, yaani unene wa milimita mraba 2.5, na kuingiza wa tatu ilikuwa lazima tuvunje ukuta ambao umetoka kuwekwa vigae wiki ileile. Mzee akauliza bila huo wa kijani hita haiwaki? Nikasema inawaka. Akasema basi funga baba, tuoge. Nikafunga. Na iliwaka kweli, imewaka miaka yote hiyo.

Hapo ndipo ninapoumia, maana ndiyo sababu waya huu unaachwa kwenye nyumba nyingi sana. Ukikosa laivu, waya unaoleta umeme, taa haiwaki, ukikosa nyutro, ule unaourudisha, taa haiwaki, mteja anakupigia saa hiyohiyo. Ukikosa ethi kila kitu kinafanya kazi vizuri, mteja anakulipa anakushukuru anakuitia na jirani. Hakuna atakayekupigia simu mpaka siku kitu kivuje.

Nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia fimbo ya ethi, ile ya chuma inayogongwa ardhini na waya wa kijani unaishia hapo. Kibano kimeliwa na kutu, waya umeshikilia kwa nyuzi mbili tatu, na fimbo yenyewe nikiitikisa inacheza, udongo umekuwa unga. Watu hawajui kwamba ethi ya mwezi wa tatu mvua ikinyesha sio ethi ya mwezi wa kumi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Na hata ethi ikiwa ya wastani tu, tuseme ukinzani wake ni ohm 20, gawa volti 230 kwa 20 unapata ampia 11 na nusu, breka ya ampia 20 inaona ni mtu kawasha pasi, haikati. Breka ya kawaida inalinda nyaya zisiungue, mtu haimlindi. Kinachomlinda mtu ni ile inayoitwa RCD, inayopima umeme unaoenda na unaorudi, ukipotea kama ampia 0.03 tu inakata hapohapo. Kwao haikuwepo. Na kuna nyumba nimeikuta ipo lakini fundi kairuka kwa kipande cha waya, ukiuliza unaambiwa ilikuwa inasumbua, inakatakata kila siku. Jamani ilikuwa inawaambia kitu.

Nikarudi ndani nikamwita mama pembeni. Nikamwambia mama, hili nilifanya mimi, sio fundi mwingine, na nilijua wakati nafanya kwamba halijakamilika. Alinyamaza muda. Akaangalia kule bafuni. Kisha akasema, Mungu kamlinda mtoto, haya mwanangu, maliza kazi.

Tumefanya jana mpaka giza na leo tena baada ya ibada. Hita ile inakula wati 5500, yaani karibu ampia 24, hata zile nyaya za 2.5 zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, ganda limekuwa gumu kama biskuti. Tumevuta waya mnene zaidi wa 6 mpya kutoka mein swichi, tatu zote, kwa tranki, ile mifereji ya plastiki ya kupitishia nyaya, juu ya ukuta, haipendezi kama ya kufukia lakini mama kasema uzuri wa ukuta autakie nini. Breka yake peke yake ya ampia 32, RCD mbele, hita mpya, fimbo mpya ya ethi tumeigonga karibu na mwembe pale yanapomwagika maji ya kufulia ambapo udongo una unyevu mwaka mzima. Nikabonyeza kitufe cha T cha kupimia, ikakata, nikamfundisha mama abonyeze mwenyewe kila mwezi.

Halafu kuna jambo lingine dogo, alilalamika umeme wa LUKU unaisha haraka. Nikasikia pampu ya kisima inawaka, inazima, baada ya dakika chache inawaka tena, na hakuna anayetumia maji. Nikaenda chooni nikafunua tanki la flashi, mpira wa chini umekakamaa, maji yanachuruzika kwenye sinki la choo kimyakimya usiku na mchana, presha ikishuka pampu inaamka. Siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, sio kama enzi tunategemea bwawa la Igombe tu, lakini wengi bado wana visima vyao na pampu, kwa hiyo choo kinachovuja kwao kinakula umeme na hawajui. Mpira mpya, kazi ya robo saa.

Hela ya ufundi sikuchukua. Vifaa tumegawana. Mchana mama akatupikia ugali na nsansa za karanga, tukala sebuleni na yule mtoto.

Tulipomaliza nilimwita bafuni ajaribu. Nikashika koki mimi kwanza, mkono umelowa, hita inawaka, nikamwambia ona, haitekenyi tena, njoo ufungue. Akatoka mbio. Nikajua kaogopa. Akarudi na kandambili moja mkononi, akaiweka kwenye koki akaisukuma nayo, anaizungusha taratibu, kaizoea kabisa. Bibi yake akasema hivyo ndivyo anavyofungua siku zote, tulijua ni mchezo wake. Yaani mtoto wa miaka sita aligundua mwenyewe mpira unakinga umeme, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyemwelewa akilia.

Sasa hivi nina kaunta buku zangu za zamani hapa mezani, nilikuwa naandika kila kazi, mtaa na kitu nilichofunga. Naanzia 2015. Hita za shawa nimeshazipata kumi na moja, Cheyo, Kiloleni, Ng'ambo, Ipuli, na nne kati yake sikumbuki kabisa kama nilivuta waya wa kijani au la. Nimemwambia dogo kesho aje mapema na mita, tunaanza na Ipuli, maana pale wana watoto wawili.