Jioni moja katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa sina haja ya kuisimulia, kwani yeyote aliyewahi kusubiri pale mpakani Horohoro hadi abiria wa mwisho agongewe muhuri anaijua vizuri. Harusi iliyonipeleka nayo ilipita salama. Kinachonifanya niandike ni jioni niliyokaa katika bustani ya Mama Ngina, inayotazamana na Likoni, ambako nilikwenda kwa sababu tu chumba nilichopangishwa kwa bei ya kuumiza kilikuwa na joto lisilolalika.

Bustani ile ilikarabatiwa upya mwaka 2019, na Oktoba ya mwaka huo sherehe za Siku ya Mashujaa ya Kenya zikafanyika papo hapo. Mibuyu ya zamani imeachwa isimame, nami niliingia bila kulipa chochote.

Dafu, hata hivyo, nililipia. Kijana muuzaji alipoisikia lafudhi yangu alinitajia bei ambayo kwetu ingenunua madafu matatu, nami kwa kiu niliyokuwa nayo nikatoa. Hapo ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekaa mkekani na wajukuu zake, alipompazia sauti: "Wewe! Mgeni wa watu wamfanya hivyo? Mrudishie pesa yake." Kijana alirudisha nusu bila kubisha. Kisha mama akanigeukia: "Na wewe, mwanangu, wakaa majanini kama huna watu? Njoo mkekani." Nilimwamkia, nikavua viatu, nikakaa.

Akaagiza mihogo ya kuchoma kwa mwanamke aliyekuwa na jiko la makaa hatua chache kutoka pale. Nilimtazama akiupasua kila muhogo kwa urefu, akiusugua ndani kwa kipande cha ndimu kilichochovywa kwenye pilipili na chumvi, kisha akiufunga kwenye gazeti ungali unatoa moshi. Pilipili ile ilinitoa machozi, na wajukuu wakafurahi sana.

Wakati tunakula, watoto wa bustani nzima waliinuka na kukimbilia ukingoni. Meli ya makontena ilikuwa inatoka bandarini Kilindini, na kwa kuwa mlango wa bahari ni mwembamba, ilipita karibu kiasi kwamba niliweza kuwaona mabaharia wameegemea vyuma vya sitaha. Feri za Likoni zilisubiri ipite. Watoto walipunga mikono, na baharia mmoja alipopunga wake, mjukuu mdogo alirudi mbio kumwapia bibi yake kwamba yeye ndiye aliyepungiwa. Nimekulia katika mji wenye bandari, lakini sijawahi kuona meli ikishangiliwa hivyo.

Adhana ya magharibi ilipoita, baadhi ya wanaume walipanga safu nyasini wakasali. Wengine wakaendelea kumenya machungwa, na wasichana wa shule waliokuwa wakipigana picha chini ya mbuyu wakashusha sauti zao.

Niliifikiria Dar es Salaam kwa uchungu. Bahari tunayo, na mihogo ya Coco Beach inajulikana nchi nzima, lakini mama wa Mbagala mwenye wajukuu wanne lazima apige hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kabla hajaamua kuwapeleka. Katika mtaa wangu, kiwanja tulichochezea mpira sasa kimejaa fremu za maduka, na watoto wanacheza barabarani, bodaboda zikiwapigia honi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliona wazee wa mtaani kwetu wamekaa pamoja nje mahali ambapo hakuna anayeuza kitu wala anayewafukuza.

Usiku ulipoingia, mama alikunja mkeka wake na kunisindikiza hadi barabarani. Dereva wa kwanza wa tuktuk alitaja nauli, mama akatikisa kichwa akamwambia aende zake. Wa pili alitaja pungufu ya hapo, naye pia akamfukuza. Wa tatu ndiye aliyenibeba.