Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Pikipiki Porini, Kona Baridi hadi Oltepesi

Saa 11:00 alfajiri

Upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi, kwa hiyo kazi yangu huanza kabla ya jua. Uani hapa Kiserian, Kaunti ya Kajiado, Kenya, zimesimama pikipiki nane: sita za wanafunzi, yangu, na ya mwenzangu anayefunga msafara. Nyingi ni za cc 250, tairi la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18. Za kwenda lami huzijaza hadi psi 28 hivi. Leo tunateremka Bonde la Ufa, kwenye mawe ya volkeno, vumbi na mchanga wa laga (mto wa msimu), kwa hiyo nashusha hadi 18 mbele na 16 nyuma. Wapo wanaopenda 12. Kwa tairi lenye tyubu, mahali penye mawe, 12 ni kuitafuta pancha ya matobo mawili sambamba: jiwe linaibana tyubu kwenye rimu, inakatika pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Ukibaki na 28 nayo, tairi linadunda juu ya kila jiwe wala halishiki.

Kisha natazama nati ndogo iliyo kwenye shina la vali. Watu wengi huikaza hadi rimuni, na hapo ndipo wanapokosea. Upepo ukiwa mdogo, tairi husogea kidogo kwenye rimu kila unapopiga breki au kuvuta mafuta, na tyubu husogea pamoja nalo. Nati iliyokazwa huishikilia vali mpaka inakatika shinani, na tyubu iliyokatika vali haina kiraka. Mimi naipandisha nati juu kabisa, igusane na kifuniko. Tairi likisogea, vali huinama, nami nikiiona imeinama najua la kufanya.

Cheni iwe na mchezo wa milimita 30 hadi 40 katikati, ingawa kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho cha kufuatwa. Cheni iliyobana huonekana nadhifu pikipiki ikiwa imesimama. Mtu akiikalia pikipiki na springi zikabonyea, spoketi ya mbele inazidi kuwa mbali na ekseli ya nyuma, cheni inakazika kama waya wa ua, na beringi ya spoketi ndiyo inayolipa.

Mwisho, mikono ya klachi na breki. Naiinamisha kidogo chini, kwa sababu leo mtu ataendesha amesimama, na bolti za vishikio vyake nazikaza kiasi tu cha kutolegea zenyewe. Pikipiki ikianguka, kishikio kinazunguka kwenye usukani na mkono unapona. Kikiwa kimekazwa sana, mkono unavunjika, na pikipiki isiyo na klachi katikati ya Kajiado ni mzigo wa watu wanne.

Saa 12:30 asubuhi

Wanafunzi wanafika. Naanza na buti, kabla hata ya salamu kwisha. Buti lazima lifike chini ya goti na liwe na soli ngumu. Pikipiki hizi zina kilo 140 na ushee, na mahali zinapopenda kuangukia ni juu ya kifundo cha mguu. Aliyekuja na raba namwazima buti, na kama saizi yake sina, leo atapanda gari la msaada. Hilo sibishani na mtu. Helmeti, miwani ya vumbi, kinga za magoti, viwiko na kifua, glavu.

Kila mtu anabeba lita 3 za maji mgongoni. Lita moja kati ya hizo tunaichanganya na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Kutoka Kona Baridi kwenda Olorgesailie unashuka zaidi ya mita 500, na joto linakupokea huko chini. Anayekunywa maji matupu kutwa nzima huku akitoka jasho hivyo, saa tisa anaanza kushikwa na misuli na kufanya maamuzi ya ajabu.

Kabla ya kuwasha, kila mmoja ananiandikia jina la ndugu wa kupigiwa simu, dawa zinazomdhuru na namba ya bima. AMREF, shirika la afya, wana madaktari wa ndege pale Uwanja wa Wilson, shughuli waliyoianza 1957, lakini ndege inahitaji mtu wa kuiambia mgonjwa yuko wapi. Kwa hiyo mwenzangu anabeba kifaa cha setilaiti, nami nabeba ramani ya karatasi yenye viwanja vya ndege na barabara za kutokea.

Saa 2:00 hadi saa 4:00

Tuko uwanja wa tambarare karibu na Kona Baridi. Saa hizi mbili ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo wanafunzi wanazotamani tuziruke. Wanataka milima. Lakini mtu asiyeweza kwenda polepole huku chini hatajua la kufanya mlima utakapomgomea.

Tunaanza kwa kusimama. Katikati ya wayo iwe juu ya kikanyagio, magoti yaligusie tangi, viwiko vitoke nje, kidevu kiwe juu ya usukani. Mwenzangu anashika pikipiki isianguke, kisha namwambia mwanafunzi aachie usukani. Akiyumba kwenda nyuma, maana yake alikuwa ananing'inia kwa mikono, na mikono inayoning'inia huvuta mafuta bila kukusudia kila tairi linapogonga jiwe.

Halafu mzunguko wa umbo la namba 8, ndani ya mita 6 kwa 12, gia ya kwanza, usukani umekatwa hadi mwisho. Mafuta yanafunguliwa kidogo na kuachwa palepale. Mwendo unaendeshwa na klachi, nusu klachi, kwa kidole kimoja au viwili, na breki ya nyuma imeguswa kwa mbali. Pikipiki inalala ndani ya kona, mwili unabaki nje, uzito kwenye kikanyagio cha nje. Kosa ni moja karibu kwa wote: wakihisi inalala sana wanafunga mafuta. Injini inakohoa mara moja, pikipiki inaanguka upande wa ndani. Dawa ni kuachia klachi kidogo, iisukume pikipiki isimame. Macho nayo yaende kwenye koni inayofuata. Anayetazama tairi lake la mbele huenda mahali tairi lilipo, yaani pale pale.

Breki tunaipima kwa hatua. Kilomita 30 kwa saa hadi kwenye koni, mara ya kwanza breki ya nyuma peke yake, mara ya pili zote mbili, kisha tunahesabu hatua kutoka koni hadi tairi liliposimama. Tofauti inawashangaza, na inapaswa kuwashangaza, kwa sababu wengi wameambiwa breki ya mbele kwenye changarawe ni kifo. Kinachoangusha ni kuinyakua. Ibonyeze taratibu, uzito uhamie mbele, tairi lijibane ardhini, ndipo uongeze. Usukani uwe umenyooka. Tairi la mbele likianza kuteleza, achia hapo hapo, kisha anza tena.

Saa 4:30

Tunaingia njiani. Sheria za msafara ni chache na zote ninazisema nikiwatazama usoni. Mimi mbele, mwenzangu mkia. Hakuna anayemtangulia wa mbele, hakuna anayebaki nyuma ya mkia. Kwenye kila njia panda, aliye nyuma yangu tu anasimama mahali anapoonekana, anawaelekeza wote, na haondoki hapo mpaka amwone mkia kwa macho yake. Baada ya hapo anaingia mbele ya mkia, na njia panda ijayo inasimamiwa na mwingine. Wanapopotea watu, karibu kila mara ni kwa sababu msimamizi alichoka kusubiri akaondoka.

Mtu asikae ndani ya vumbi la mwenzake. Vumbi likikuzuia kuona mita 50, simama mpaka litulie. Hakuna atakayekuacha, njia panda ina mtu.

Mifugo ina njia yake kwanza. Tukiona mbuzi, tunapunguza. Tukiona ng'ombe wana ndama, tunazima injini. Hatupiti kati ya mchungaji na kundi lake. Hapa leo tumemkuta mzee wa Kimaasai chini ya mgunga.

"Sopa, mzee."

"Ipa."

"Habari ya mvua huko juu?"

"Imenyesha jana usiku, upande wa Ngong. Maji yameshuka lagani alfajiri."

Jibu hilo lina thamani kuliko utabiri wowote wa simu. Laga inaweza kuwa kavu, jua limewaka, na maji yakaja kutoka mlima usiouona. Tunaivuka mmoja mmoja, mwingine asiingie mpaka aliye ndani ametoka. Mchanga bado una unyevu, hivyo umeshikana, na leo ni rahisi. Ukiwa mkavu: gia ya pili, mwili nyuma kidogo, mafuta hayafungwi hata ukiogopa. Kufunga mafuta kunautupa uzito mbele, tairi linachimba, usukani unakunjika. Acha mbele iyumbe, itajinyoosha.

Saa 6:00 mchana

Pancha, tairi la nyuma, mwiba wa mgunga. Inatokea karibu kila siku, kwa hiyo nimeifanya kuwa somo.

Tunaegemeza pikipiki kwenye jiwe bapa chini ya injini, gurudumu linatoka. Toa kijisindano cha vali, upepo uishe kabisa. Kandamiza mdomo wa tairi kwa kisigino pande zote mbili. Sasa weka chuma cha kwanza cha kutolea tairi karibu na vali, na upande wa pili wa gurudumu piga magoti, mdomo uzame kwenye bonde lililo katikati ya rimu. Ukisahau kupiga magoti, utatumia nguvu za watu watatu na utaikata tyubu kwa chuma. Ukikumbuka, mtu mmoja anatosha.

Tyubu ikitoka, kazi muhimu inaanza: kuutafuta mwiba ndani ya tairi. Pitisha kitambaa, kitanasa. Kisha pitisha vidole polepole. Pancha ya pili baada ya kilomita moja ni mwiba uleule ulioachwa.

Siweki kiraka juani. Gundi inataka ikauke mpaka isinate kidoleni, na jua hili la Oltepesi linaikausha juu tu. Natia tyubu mpya. Ninayobeba ni ya inchi 21, kwa sababu ya mbele inaweza kukunjwa ikaingia nyuma ikakufikisha nyumbani, ila ya nyuma haienei mbele. Itie upepo kidogo kwanza ipate umbo, isijisokote. Rudisha mdomo kwa maji ya sabuni, umalizie kwenye vali. Leo imechukua dakika 35.

Saa 7:30

Oltepesi. Chai, chapati, nyama ya mbuzi kidogo tu. Aliyeshiba sana atasinzia kwenye mawe.

Saa 8:30

Mlima. Una urefu wa mita 40 hivi, changarawe juu ya mwamba. Kabla ya mtu kupanda, nawafundisha kushindwa, kwa sababu majeraha hutokea pale pikipiki inaposimama katikati na mwenyewe hajui afanye nini.

Ikisimama, usivute klachi. Acha injini izimike ikiwa kwenye gia, gia ndiyo itakayolishika gurudumu la nyuma. Breki ya mbele peke yake haitoshi kwenye mteremko mkali, uzito wote uko nyuma na tairi la mbele litateleza likiwa limefungwa. Shuka upande wa juu wa mlima. Kata usukani, vuta klachi kidogo kidogo, pikipiki irudi nyuma nusu mita, iachie tena. Rudia mpaka imekaa kiupande, imekatiza mlima. Igeuze iangalie chini, panda, gia ya kwanza, mkono usiiguse klachi kabisa, injini ikushushe. Breki ya mbele kwa kidole kimoja.

Kila mmoja anafanya hivyo mara 3 kwenye mita 10 za chini. Ndipo tunapanda: kasi inachukuliwa chini, gia ya pili, kifua mbele, na mafuta yanapungua tairi likianza kuzunguka bure. Wanne wanafika juu. Wawili wanasimama katikati, wanageuza na kushuka wenyewe, bila mimi kuwagusa. Hao wawili nimewafurahia sana.

Saa 10:00

Tunarudi. Napunguza mwendo, kwa sababu saa hizi vidole vimechoka na macho yameanza kushuka kwenye tairi la mbele. Hatukatizi eneo la Olorgesailie. Mashoka ya mawe yaliyofukuliwa na kina Leakey, wachunguzi wa mambo ya kale, miaka ya 1940 yako kwenye ardhi hiyo nyeupe, na gurudumu linaharibu kwa sekunde moja kilichokaa mamia ya maelfu ya miaka. Tukifika lami tunasimama, kila tairi linarudishiwa upepo hadi psi 28, ndipo tupande Kona Baridi.

Saa 1:30 usiku

Sponji za chujio la hewa zimejaa vumbi jeupe la daiatomaiti (aina ya mwamba mweupe na laini), laini kama unga wa ngano. Naziosha kwa mafuta ya taa, kisha sabuni. Petroli siitumii, inayeyusha gundi ya maungio. Nazikamua bila kuzisokota, nazianika. Kesho alfajiri zitapakwa mafuta na ukingo utatiwa grisi.

Tyubu ya mchana naijaza upepo na kuizamisha kwenye karai. Tobo la mwiba linatoa viputo vikubwa, hilo tunalijua. Nageuza taratibu. Sentimita mbili pembeni vinapanda viputo vidogo, kimoja kimoja. Kuna tobo la pili. Nalizungushia alama kwa kalamu, nafuta maji, nasugua msasa, napaka gundi, nasubiri ikauke.