Ganzi ya mkono usiku: kidole kidogo ndicho kilichotoa jibu

Tangu tupogoe zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma, mkono wa kulia ulikuwa unaniamsha usiku. Ganzi, vidole vinawaka kama vimeshika pilipili, hadi niukung'ute ndipo nipate nafuu. Nilichua kwa mafuta ya nyonyo, nikameza dawa za maumivu. Wapi!

Daktari mmoja mjini akaniuliza: "Mama, na kidole kidogo kinakufa ganzi?" Hapana. Ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete. Basi, akasema, ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye uwazi mwembamba wa kifundo cha mkono. Kidole kidogo kina mshipa wake, haupiti kwenye uwazi ule. Akanikunjisha kifundo dakika moja, ganzi ikaja ileile.

Akanipa gango la kulalia, kifaa cha kushikilia kifundo kisipinde. Wiki ya kwanza nililifunga kifundo kikiwa kimepinda kidogo, nikaamka vilevile. Linatakiwa kifundo kinyooke kabisa, kisiinamie mbele wala nyuma. Nilipolinyoosha, wiki ya tatu nililala hadi jogoo wa alfajiri, nikalia kwa furaha.

Ukiona nyama ya chini ya gumba inabonyea, usisubiri gango, wahi hospitali.