Kilabu cha malwa ni kiwanda kidogo cha bia

Anayesoma habari za miji ya vyuo vikuu ya Marekani au Ujerumani hakosi kukutana na sifa za baa zinazopika bia yao wenyewe, ambamo mapipa yamesimama nyuma ya kaunta na mnywaji anaweza kumwuliza mpishi kwa nini bia ya leo ni kali kuliko ya wiki iliyopita. Mimi naishi Kampala, karibu na Wandegeya, mtaa ulio kando ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kila nikizisoma sifa hizo naona kwamba sehemu kubwa yake tunayo tayari katika vilabu vya malwa, pombe yetu ya ulezi, ila sisi tunakalia mabenchi.

Uhusiano wa chuo na pombe si wa bahati nasibu. Mwaka 1978 Marekani iliruhusu watu wapike bia nyumbani, na mwaka uliofuata wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Colorado wakaanzisha kiwanda chao katika banda la mbuzi nje ya mji wa Boulder. Huko Freising, Ujerumani, kilima cha Weihenstephan kina kiwanda kinachojihesabia umri tangu mwaka 1040, na papo hapo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kinafundisha upikaji wa bia kama sayansi. Chuo huleta watu wanaoelewa kemia na hamira, na kila mwaka huleta vijana wapya ambao bado hawajachagua bia ya kuitetea maishani.

Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, haina haja ya banda la mbuzi, kwa kuwa ujuzi wa kupika malwa umekuja mjini pamoja na akina mama wa Teso, mashariki mwa Uganda. Unga wa ulezi huloweshwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, ukakaangwa na kuanikwa, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha ulezi ili uchachuke tena. Kinachofika mezani ni chungu cha uji mzito wa kahawia unaotoa povu, nacho humiminiwa maji ya moto mbele ya wanywaji. Kila mtu ana mrija wake mrefu, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili makapi yasipande. Hapo utamkuta mhadhiri, fundi wa simu na dereva wa bodaboda wakichangia chungu kimoja, na mazungumzo yao huwa ya dhati kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

“Mama, tuongezee maji,” mmoja akisema, hujibiwa kwa upole: “Ngojeni kidogo, mzee, hiki bado kina nguvu.” Mhudumu wa baa ya chupa hawezi kujibu hivyo, kwa sababu bia anayouza imepikwa na watu asiowajua na imekwisha kufa ndani ya kioo. Malwa bado inachachuka wakati unainywa; haivumilii safari wala rafu ya duka, kwa hiyo hunywewa papo hapo, chini ya macho ya aliyeipika. Huo, kwa maoni yangu, ndio mvuto wa kiwanda kidogo popote kilipo, na mengine, kama vile taa za kupendeza, ni mapambo.

Baa za namna ya kizungu zinazopika bia hapa mjini nazo zina ladha nzuri, lakini hopu zake, yaani maua yanayoipa bia uchungu, hutoka ng’ambo, kwa kuwa mmea huo hutaka siku ndefu za kiangazi ambazo ikweta haina. Bei yake, nayo, ni ya mwenye mshahara. Mwanafunzi wa hosteli za Kikoni hupita mlangoni tu. Nafaka zetu zimekwisha kuthibitishwa hata viwandani: Nile Breweries ya Jinja inapika Eagle Lager kwa mtama wa epuripur, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere. Ningependa kuona mpishi mdogo akiuchukua ulezi kwa heshima hiyohiyo, akiwa na leseni, maji safi na bei ya Wandegeya.

Atakayekwenda kilabuni kwa mara ya kwanza aende mapema jioni, kabla chungu hakijaongezewa maji mara nyingi kikapoteza ladha, na asipulize mrija, kwani wenyeji huona ni utovu wa adabu.