Kumbukumbu ya mradi: rafu ya vitabu vya moyo, Langoni

Mfunguo Nne

Mradi wenyewe si mkubwa. Nakusanya vitabu vinavyozungumzia moyo, roho na fahamu ya mwanadamu, vikae kwenye rafu moja ya mvule niliyochongesha hapa Langoni, Lamu, mtu yeyote wa mtaa aweze kuazima. Lakini hakipandi kitabu rafuni bila kupita barazani. Baada ya Isha tunakisoma kwa sauti, kahawa tungu ikizunguka, na waliopo wanatoa hukumu. Kikiwa cha Kiarabu au Kiingereza, nasoma kipande kisha nakieleza kwa Kiswahili. Hapo ndipo porojo hujulikana: sentensi isiyo na kitu, ukiigeuza lugha, huna la kuwaambia watu.

Wasomaji wenyewe ni mwalimu wa madrasa aliyestaafu, ami mmoja fundi wa mashua, vijana wa boti na jirani yangu mwenye punda wa kubebea mawe. Huyu wa mwisho hasomi, ila hapitwi na neno.

Tumeanza na utenzi wa Al-Inkishafi, na sitaki mjadala katika hilo. Watu huniuliza waanzie wapi, wakitarajia niwatajie kitabu cha India au cha Marekani. Hivyo vipo na vingine ni vizuri. Lakini ukiwa Lamu, Pate, mji wa magofu, iko hapo ng'ambo, na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kuulizana na moyo wake tangu siku magofu yale yalipokuwa mabichi. Utenzi wenyewe ni beti za mishororo minne, mizani kumi kila mshororo, unasomeka wote kwa kikao kimoja. Anayetaka maelezo ya Kiingereza pembeni atafute chapa ya Hichens ya mwaka 1939. Lugha yake ya kutafsiri imezeeka, lakini kazi ya kukusanya aliifanya.

Tulipofika zile beti za majumba ya Pate, pale zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vya kupangia sahani, zinapogeuka malazi ya makinda ya ndege, na kumbi zimebaki kuvuma mende na nyenje, fundi akanyoosha kidole kwenye ukuta wetu wa chokaa. Zidaka zetu zenyewe zina chaja ya simu, dawa ya mbu na bili ya maji ya mwezi uliopita. Watu wakacheka, kisha hakucheka mtu. Mwalimu ndiye aliyesema neno ambalo tangu siku hiyo limekuwa kipimo changu: "Angalia, Sayyid hamkemei mtu. Anaukemea moyo wake mwenyewe, sisi tunasikia tu." Ni kweli. Utenzi mzima anausemesha moyo wake, anauuliza kwa nini hauzinduki ilhali unaona. Hakuna mahali anaposema mimi nimefika, nifuateni.

Mfunguo Tano

Kusi imekaza, boti za Faza na Kiunga zinasuasua, vijana hawana kazi nyingi. Baraza imejaa.

Kwa kipimo cha mwalimu, nimepitia upya lile kasha la vitabu nililopewa na mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa akihama. Humo mna vile vya "badili maisha yako" kwa wiki tatu, vyenye jalada la jua linachomoza. Nikasoma kimoja kwa sauti. Kila ukurasa mwandishi ameshaelimika na msomaji ndiye kipofu. Jirani yangu wa punda akauliza, "Huyu bwana yeye shida yake ilikuwa nini?" Tukatafuta, hatukuiona. Kasha likarudi chini ya kitanda.

Baada yake nikaleta Al-Munqidh min al-Dalal ya Imam Ghazali, na tofauti ikawa kama maji ya kisima na ya bahari. Hapa shida unaambiwa waziwazi. Mwaka 1095 Ghazali ni mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya, Baghdad, hakuna wa kumfikia kwa jina. Anajichunguza nia ya kufundisha kwake, anakuta anatafuta cheo na sifa. Anataka kuondoka, hawezi. Asubuhi anakata shauri, jioni linamtoka, karibu miezi sita. Mwisho ulimi unafungika. Anasimama mbele ya wanafunzi neno halitoki, chakula hakishuki, na matabibu wanasema maradhi haya yametoka moyoni, dawa yetu haiyafikii. Ndipo anagawa mali, anaaga kwamba anakwenda Makka, kumbe safari yake ni ya Sham, na Damascus anajifungia kwenye mnara wa msikiti mchana kutwa.

Nilisoma sehemu hiyo ya ulimi mara ya pili kwa kuombwa. Mwalimu, aliyesimama mbele ya watoto maisha yake yote, aliomba yeye.

Wanaouliza juu ya Ihya, ile kazi kubwa ya Ghazali: ni vitabu arobaini, usiingie kwa pupa. Chukua cha ishirini na moja, kinachoeleza maajabu ya moyo. Humo anaufananisha moyo na birika linaloingiza maji kwa mito ya hisi tano, kisha anasema unaweza pia kuiziba mito na kuchimba chini mpaka chemchemi itoke humohumo. Sijasoma maelezo mafupi na mazuri zaidi ya haya kuhusu kwa nini mtu anakaa faraghani.

Mfunguo Sita

Hakuna kusoma. Mji mzima uko kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha, wageni wamejaa kutoka Mombasa, Ngazija na Unguja, na anayetaka elimu ya moyo mwezi huu aende akasikilize Simt al-Durar, maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, iliyopata makazi hapa kwa juhudi za Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha.

Nimeandika mambo mawili tu daftarini. La kwanza, miswada ya Riyadha imepigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library, kwa hiyo hata aliye mbali anaweza kuifungua kwenye intaneti, akaona wazee wetu walikuwa wakinakili na kusoma nini. La pili, Ratib al-Haddad, mkusanyo wa nyiradi, imo rafuni ijapokuwa hakuna atakayeiazima, kwa sababu nusu ya mtaa wanayo kifuani. Imam Abdallah al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa 1634 akafariki 1720, alikuwa kipofu tangu utotoni. Nimeiweka ili mgeni anayepekua rafu ajue kwamba vitabu vingine hapa husomwa kwa kinywa cha watu wengi, na kuvisoma peke yako chumbani ni kupata nusu.

Mfunguo Saba

Mwezi wa ubishi. Hayy bin Yaqdhan ya Ibn Tufayl, daktari wa Andalusia aliyefariki 1185, imeshinda vyote. Kisiwa kitupu, mtoto mchanga, na paa anayemnyonyesha. Paa anapokufa, mtoto anampasua kifua kutafuta kilichosimama. Anakuta moyo una vyumba viwili: cha kulia kimejaa damu iliyoganda, cha kushoto kitupu. Anajiambia, aliyekuwa akikaa humu amehama, na ndiye niliyekuwa nikimpenda. Kiwiliwili hiki kilikuwa chombo chake. Namna ya kuzika anajifunza kwa kunguru. Kuanzia chumba kile kitupu anapanda kwa akili yake mpaka kwenye nyota, na kwa aliyeziumba. Watu wa kisiwani tunakisoma kitabu hiki tofauti na watu wa bara, nina hakika. Vijana walichokataa ni mwisho wake, Hayy anapovuka kwenda kuwafundisha watu wa kisiwa cha pili, akashindwa, akarudi kwake. "Hakuwajaribu vya kutosha," alisema mmoja. Fundi akamjibu kwamba yeye mwenyewe miaka yote hajafaulu kumfundisha huyohuyo kijana kukaza fundo.

Halafu Wazungu. William James, mwanafalsafa wa Marekani, mihadhara yake ya Edinburgh juu ya dini iliyochapishwa 1902, ni kitabu kinene na nimekipandisha rafuni kwa sura moja, ya hali za kifumbo, yaani pale mtu anapohisi amegusana na la ghaibu. Anazipa alama nne: hali hizo hazisemeki, zinamwachia mtu ujuzi fulani, hazidumu zaidi ya saa moja au mbili, na zinamjia mtu bila yeye kuzishika usukani. Mwalimu alizisikiliza kwa makini, akasema mbili za mwisho kila aliyewahi kukaa kwenye dhikiri anazijua. James hajifanyi amefika. Anakiri kwamba mwenyewe hali hizo zimempita kando, ndiyo maana anawauliza walioonja. Kipimo amekipita.

Makala ya mwanafalsafa Thomas Nagel ya mwaka 1974, inayouliza kuwa popo kunakuwaje, niliileta kwa wasiwasi, ikawa ndiyo iliyotuchelewesha kulala. Popo tunao wa kutosha. Hoja ni kwamba unaweza kujua yote kuhusu mwangwi anaotumia kuona njia, na bado usijue yeye ndani anahisi nini. Ami fundi alisema huo si ugumu wa popo, hata mkewe hamjui hivyo. Nilimweleza kwamba wanafalsafa wangekubaliana naye, na mwaka 1995 mmoja wao, David Chalmers, aliupa ugumu huu jina la tatizo gumu la fahamu. Hakupendezwa kupewa wafuasi.

Rafu imebakiza nafasi ya mkono mmoja. Nimewaahidi Nagona na Mzingile za Kezilahabi, riwaya nyembamba za 1990 na 1991, tupate pia Kiswahili cha leo kinachotafuta ukweli bila kuomba ruhusa. Mwalimu ameshazisikia sifa na ameanza kununa, kwa hiyo nimemwomba yeye ndiye asome. Kina mama wa mtaa wa juu wanataka Inkishafi kwa darasa lao la Alhamisi. Aliyenayo tafadhali airudishe, na kama ameiandika pembeni kwa wino, asiifute.